Bosi na Injini Yake
Ughaibuni kuna wazee wenye nafasi wanaorusha ndege ndogo za kuongozwa kwa redio. Injini ya sentimita za ujazo 6.5 hufungiwa tangi la mililita 300 hivi, likae usawa wa kabureta, na ndege ishuke kabla mafuta hayajakata. Hesabu zote hizo kwa ndege isiyoweza kubeba hata kuku!

Huku kwetu Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, tumeendelea zaidi. Mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, huchagua injini ya dizeli kwa mlio. Isiposikika kijiji cha pili, hiyo si ya tajiri. Tangi? Dumu la mafuta ya kula limening'inizwa kwenye nguzo, mpira umechomekwa, kitambaa ndicho chujio. Likikauka mpira unavuta hewa, karasha linazima, fundi anaitwa kutoa upepo, na mchimbaji anaambiwa mawe yake ni magumu. Mawe, jamani!

Dizeli iliyozidi inaingizwa kwenye bei ya kusaga. Mchimbaji anaondoka na kile kidogo kilichonaswa na zebaki; marudio, yaani mchanga uliobaki, ambayo bado yana dhahabu ya kutosha, yanabaki uani kwa bosi. Na mnasema bosi hajui hesabu.