Jua la Baridi

Nenda Mengo, Uganda, ukanunue balbu, kama Kiingereza chako kina nguvu. Mimi niliingia dukani nikitaka mwanga tu. Muuzaji akaniuliza: "Ssebo (bwana), wamu waiti au kulu delaiti?" Yaani mweupe wa vuguvugu, au mwanga wa mchana, lakini wa baridi. Aliyebuni jina hilo la pili hajawahi kutembea saa saba mchana kutoka Bulange hadi Lubiri, hapohapo Mengo, bila kofia.

Vipimo navyo vina vituko. Hiyo "baridi" ina joto la rangi la kelvini 6500. "Vuguvugu" ina 2700. Kumbe iliyo baridi ndiyo yenye moto zaidi! Nilipouliza, akanihamishia kwenye wati: hii ya 9, akasema, ni sawa na ile ya zamani ya 60. Hapo sina ugomvi naye. Wati hupima umeme unaoliwa. Mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni, na zote mbili hutoa kama 800. Ila hiyo lumeni huchapwa kwa herufi za kusomwa na sisimizi.

Turudi kwenye majina: mazuri yapo hapahapa. Kampuni iliyosambaza nguvu za umeme Uganda kuanzia 2005 hadi Machi 2025 iliitwa Umeme, Kiswahili kisicho na doa. Mita ya kulipia kabla ni Yaka, Kiganda cha "waka!" Ni balbu tu inayodai mkalimani.

Nilichukua ya 2700. Sebule yangu sasa ina rangi ya chai ya maziwa. Enyi wenye viwanda, andikeni hivyo kwenye boksi.