Mkaguzi wa Stima Akija Burat

Nyumba ya zamani iliyowekwa nyaya upya haiwi tayari kwa ukaguzi eti kwa sababu balbu zinawaka. Balbu huwaka hata waya ukiwa umeungwa kwa karatasi ya nailoni na maombi. Mkaguzi hutafuta yasiyoonekana kwa taa, na huku Burat, Isiolo, sehemu kubwa ya hayo imo kwenye udongo mkavu nje ya ukuta.

Makaratasi hutangulia. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka iliyoundwa na Sheria ya Nishati ya 2019. Shemeji anayejua stima hayumo, ingawa ile soketi aliyoongeza nyuma ya kabati, ambayo fundi mpya hakuonyeshwa, ndiyo mkaguzi huiona kwanza. Rangi nazo hutazamwa: nyekundu na nyeusi za zamani zimeachia nafasi kahawia na buluu, na waya wa ardhini ni kijani chenye mstari wa njano. Kipande cha zamani kikibaki darini, maungio yake huwekwa alama.

Halafu huja megga, kifaa kinachosukuma volti 500 kwenye nyaya, swichi kuu ikiwa imezimwa, kuona kama ganda la waya linavujisha. Usomaji usishuke chini ya megaomu 1. Kabla ya hapo balbu zote hutolewa na kila kifaa huchomolewa: friji kwa shingo upande, runinga baada ya mjadala. Chaja ya simu iliyo nyuma ya kitanda husahauliwa. Usomaji ukianguka, watu wazima hupanda darini kumsaka panya, ambaye safari hii hana hatia.

Kazi ngumu zaidi ni ya ardhini. Ufito wa shaba wa waya wa ardhini, uliopigiliwa kwenye udongo wa Burat wakati wa kiangazi, hukutana na vumbi, na vumbi halipitishi umeme vizuri. Dawa ya haraka ni debe la maji ya chumvi asubuhi ya ukaguzi. Usomaji hupendeza, ila mbuzi nao hupendezwa, na mkaguzi hukuta watatu wakilamba ushahidi. Chumvi pia hula shaba, na maji hukauka kabla ya cheti kukauka wino. Afadhali ufito mrefu zaidi, au fito mbili zilizoachana na kuunganishwa, zipigiliwe karibu na mahali maji ya bafu hutokea, maana hapo pana unyevu mwaka mzima.

Mwisho ni bodi. Kila swichi huandikwa jina lake la kweli. "Chumba cha wageni" ambacho kimekuwa stoo ya mahindi miaka yote kiandikwe stoo. Kisha hubonyezwa kitufe cha majaribio cha swichi ya kinga, ile inayokata umeme unapovuja miliampea 30. Stima ikikatika papo hapo, imefaulu, hata kama mechi ilikuwa dakika ya 89.