Pai Iliyogoma Kuganda

Chakula kisichopita motoni husifiwa kwa urahisi, na pai isiyookwa ndiyo inayosifiwa kuliko vyote. Unaponda biskuti, unazichanganya na siagi iliyoyeyushwa, unazishindilia kwenye sinia. Unapiga krimu mpaka isimame, unatia nanaa, unamimina juu, unaweka kwenye friji, unakwenda kulala. Asubuhi unakata vipande. Ndivyo wifi yangu, aliyefanya kazi miaka mingi katika jiko la hoteli Dar es Salaam, alivyotueleza Alhamisi Kuu jioni, sisi tukichagua mchele barazani na mvua ikinyesha. Alisema huko Marekani pai hiyo huandaliwa Pasaka, majani yanapochipua baada ya baridi. Kwetu Sikonge Pasaka hutukuta mwisho mwisho wa mvua, mahindi yamekomaa shambani na kila kitu ni kijani mpaka mlangoni. Nikaona inatufaa.

Nilikuwa na sababu mbili za kuitaka pai ile. Ya kwanza ni Bibi. Ni bibi yake mume wangu, na kwa kuwa mjukuu wa kiume ni mume wake kwa utani, mimi huniita mke mwenza. Meno yamemwisha. Vitumbua anavilowesha kwenye chai mpaka vinapoteza ladha, na keki ya shangazi, ile inayookwa kwenye sufuria kwa mkaa wa juu na wa chini, huwa na ukoko asioweza kuumega. Bibi alizoea kukaa mbele ya chakula cha sikukuu akiwatazama wengine wanakula. Pasaka ile nilitaka ale chake, tena wa kwanza.

Ya pili ni kanisa. Sisi ni Wamoraviani. Kanisa letu lilipokea misheni ya Urambo kutoka kwa London Missionary Society mwaka 1898, kisha likaenea huku kusini na kujenga kanisa na hospitali hapa Sikonge. Ibada ya alfajiri ya Pasaka hatusalii ndani, tunasalia makaburini. Desturi hiyo ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, vijana wa kiume walipopanda kilima cha makaburi kabla ya jua kuchomoza wakaimba habari za ufufuo katikati ya ndugu zao waliolala. Kanisa lilipokwenda, desturi ikaenda nalo. Kwa hiyo usiku wa Pasaka nyumba nzima huamka kungali giza, Bibi huvalishwa sweta, tunaondoka na tochi za simu kuyafuata matarumbeta. Tukirudi jua limetoka, miguu imelowa umande, na wageni wako nyuma yetu. Wakati huo hakuna anayetaka kupuliza mkaa uliolala kwenye unyevu. Chakula kilicho tayari tangu jana ni baraka kubwa.

Nanaa hatukuinunua. Bimkubwa wa nyumba ya pili ameipanda kwenye debe lililotobolewa, chini ya bomba linalovuja, na kila siku ya mvua hutambaa ikatoka nje ya debe. Ukoo wake ni wa Tabora mjini, mtaa wa Ng'ambo, watu wa kizazi cha misafara. Tabora ilikua kwa wafanyabiashara wa pwani na Waarabu wa Omani waliojenga pale katikati ya karne ya 19, na kwa wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo yao kwenda na kurudi Bagamoyo. Kwa bimkubwa chai bila nanaa hawaihesabu kuwa chai. Alinichumia mwenyewe, akinifundisha kukata juu ya kifundo ili shina litoe machipukizi mawili. Nanaa ile ya chai haina ule ubaridi mkali wa pipi za dukani. Harufu yake ni tamu, ya majani, hukaa vidoleni mpaka jioni. Ilikuwa Ramadhani, amefunga. Nikamwambia kipande chake kitamngoja mpaka magharibi. Akasema, "Inshallah, mwanangu, kikifika."

Ahadi hiyo ndiyo iliyotuongoza baadaye, kuliko tulivyodhani.

Mwaka ule wa 2024 Pasaka ilikuwa Machi 31. Jumamosi asubuhi wifi alitoa krimu yake. Aliileta kutoka Dar, akaihifadhi kwa mwenye duka wa njia panda, nyuma ya chupa za soda. Ilikuwa baridi kweli. Akaipiga kwa uma mbili zilizofungwa pamoja, mkono ukichoka anampokeza mwanangu mkubwa, na tuliiona ikipanda mpaka mwiko ukasimama ndani yake. Watoto walikuwa wamemaliza kuponda biskuti kwa chupa, na karibu nusu ya makombo yalishapita midomoni. Tukamimina, tukasawazisha, tukairudisha dukani ikiwa imefunikwa kwa kawa. Wifi alifurahi mno. Hata shangazi, ambaye tangu Alhamisi alisema chakula kisichookwa hakina mwenyewe, alikubali kwamba inapendeza.

Saa nane mchana umeme ukakatika.

Kukatika kwa umeme si habari kwetu, tukangoja. Saa kumi hamna. Saa kumi na mbili kijana wa duka akaja amelibeba sinia kwa mikono miwili, anatembea polepole, na kabla hajafika barazani tulisikia pai inavyocheza ndani. Krimu ilikuwa uji. Makombo ya biskuti yalikuwa yanaelea.

Wifi hakulia, lakini alikaa kimya muda mrefu. Kisha akatueleza, na nilimpenda zaidi kwa namna alivyoeleza bila kumlaumu mtu. Krimu iliyopigwa husimama kwa sababu chembe za mafuta, zikiwa za baridi, hushikana na kuizunguka hewa. Mafuta yakipata joto hulainika, hewa inatoka, ukuta unaanguka. Siagi ya kwenye biskuti ni vivyo hivyo; ubaridi ndio uliokuwa unashikilia kila kitu. Nikaelewa kwamba ule urahisi wote tuliosifiwa ulikuwa umehifadhiwa ndani ya friji. Kazi tuliyofanya kwa mikono yetu ilikuwa ndogo. Kazi kubwa ilikuwa inafanywa na umeme.

Watoto walipewa krimu kwenye uji, wakashukuru. Sisi tukaanza kuhangaika na makopo mawili ya maziwa mazito matamu yaliyobaki na kifungu cha nanaa.

Mume wangu alishauri chungu. Unatia chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati unajaza mchanga uliolowa, juu unafunika kitambaa chenye maji, na maji yakikauka yanaondoka na joto. Mwezi wa Agosti, upepo wa kiangazi unapopita Tabora umekauka kabisa, chungu hicho hufanya kazi nzuri; mboga hukaa siku kadhaa. Lakini maji hayakauki kwenye hewa iliyojaa mvua. Ni kama nguo unazoanika Machi ukaziondoa jioni zimelowa vilevile. Tuligusa chungu baada ya saa moja, kilikuwa na joto la mkono.

Wifi alikuwa na pakiti ya jelatini. Akaisoma pande zote kwa tochi ya simu. Haikuandikwa imetoka kwa mnyama gani. Shangazi akauliza, "Na kipande cha bimkubwa?" Hakuna aliyejibu, kwa sababu jibu lilikuwa wazi. Mtu amekupa nanaa yake akiwa na swaumu yake, humrudishii kitu ambacho huwezi kumwapia. Pakiti ikarudi mkobani.

Ndipo Bibi, ambaye tulidhani amelala, alipoita kutoka chumbani. "Mke mwenza! Ndimu zimekwisha mtini?"

Hazikuwa zimekwisha.

"Sasa mnangoja nini? Maziwa hayangoji baridi. Yanangoja kitu kichachu."

Wifi akasita, akasema yatakatika, yatatoa maji kama maziwa yaliyoharibika. Bibi akasema hayo mazito yana sukari nyingi, hayatakatika, jaribuni kwenye kikombe. Tukajaribu kwenye kikombe. Nataka kusimulia hapa kwa utulivu kwa sababu ndicho kitu kizuri nilichokiona usiku ule. Kibatari kiko mezani. Maziwa yana rangi ya njano hafifu, yanateremka kwenye kijiko bila kukatika, kama uzi. Wifi akakamulia ndimu, akakoroga. Mara ya kwanza yakawa mepesi zaidi, nikakata tamaa. Akaendelea kukoroga, akaongeza ndimu ya pili. Pole pole kijiko kikaanza kuacha mfereji nyuma yake, mfereji ukachelewa kujifunga, kisha haukujifunga tena. Akakigeuza kikombe juu chini juu ya kiganja chake. Hakikutoka kitu.

Uchachu wa ndimu huzifanya protini za maziwa zishikane, na sukari nyingi na maji machache ya maziwa yale huzuia yasijitenge. Wakazi wa visiwa vya Florida Keys, Marekani, wana pai yao mashuhuri iliyotokana na jambo hilihili. Visiwani kule barafu na maziwa mabichi vilikuwa adimu, wakategemea maziwa ya kopo, na ndimu zao ndogo ni aina ileile ya ndimu za kwetu. Reli iliwafikia Key West mwaka 1912, mwaka uleule reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilipofika Tabora. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Watu wawili mbali sana, wote hawana barafu, wote wana mndimu uani.

Kopo moja la gramu 400 hivi linahitaji karibu nusu kikombe cha maji ya ndimu. Nanaa tuliitwanga kwenye kinu na sukari kidogo, sukari inakwaruza majani mpaka yatoe mafuta yake, tukakamua kwa kitambaa. Maji yalitoka kijani kinachong'aa, watoto wakapiga makofi. Tulipoyatia kwenye maziwa yenye ndimu, kijani kikafa. Uchachu hubadili rangi ya majani, yakawa ya mzeituni, hata karibu na kahawia. Mwanangu wa pili alihuzunika kabisa. Alikwishawatangazia wenzake pai ya kijani. Lakini harufu haikuguswa. Nilimwekea jani zima la nanaa juu ya kipande alichokichagua, akapoa.

Likabaki tako la pai. Hapo shangazi akachukua usukani. Alisema yeye anajua kitu kinachoshikamana bila friji tangu akiwa msichana, nacho ni kashata. Alichemsha sukari na maji kidogo mpaka tone lake likawa linakatika mezani, akatia karanga zilizopondwa na makombo ya biskuti yaliyonusurika, akamwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta. Nilishauri asali, kwa kuwa Sikonge ni nchi ya asali na tulikuwa na dumu zima la kutoka Ipole, akakataa. Asali huvuta unyevu wa hewa, akasema, na usiku wa mvua itabaki inanata. Alikuwa sawa. Tako liligandamana hapohapo, likang'aa. Tukamimina maziwa juu, tukaweka sinia ndani ya beseni la maji ili sisimizi wasiifikie, tukalala saa sita na nusu.

Tulirudi kutoka makaburini saa moja asubuhi, bado tunaimba. Sinia lilikuwa linaelea. Wifi alikuwa ameliweka juu ya jiwe, jiwe likateleza, na upande mmoja ulikuwa umekunywa maji ya beseni. Theluthi moja tuliikata tukaitupa. Sehemu iliyobaki ilikuwa imesimama imara, na kisu kilipita kwenye maziwa yale bila kuyavunja.

Kilipofika chini, kwenye kashata, kisu kiligoma.

Tulivunja kwa mchi. Bibi alipewa cha kwanza, tukamtazama wote. Alikula maziwa ya juu kwa kijiko, akanyamaza, akala tena. Halafu akashika lile tako, akaligonga kwenye ukingo wa sahani mara mbili, akamwita shangazi. "Mwanangu, hili umemjengea nani nyumba?" Shangazi akacheka mpaka akakaa chini. Matako ya vipande vyote vya Bibi yaligawiwa watoto, naye aliletewa maziwa matupu kwenye bakuli, akayamaliza.

Magharibi nilipeleka sahani kwa bimkubwa, nimeifunika kitambaa. Alifungua kwa tende na maji, kisha akaonja. Alitambua nanaa yake kabla hajaambiwa. Sahani haikurudi tupu. Ilikuja na kaimati za moto na salamu kwamba anataka pai hiyohiyo siku ya Idi, masinia mawili, nanaa twende tukachume wenyewe.

Idi ilikuwa Aprili 10. Wifi alishaondoka na basi la Jumanne, kwa hiyo kazi ilibaki kwangu na shangazi. Tulibishana sana juu ya tako. Mwisho tulikubaliana kusaga karanga laini kabisa, kupunguza sukari, kutoiacha ichemke hadi ikatike, na Bibi aonje kwanza kabla hatujamimina kitu chochote juu yake.