Utukufu wa Mkwaruzo

Mpishi wa Ohio akijikata kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kucha ikasalimika, akashonwa na kurudi jikoni, wenzake watamcheka siku mbili kisha watasahau. Hospitali haisahau. Katika hati zake jeraha hilo ni S61.210A, na katika herufi na tarakimu hizo saba hamna hata moja iliyokaa bure. S61 ni jeraha la wazi la kifundo cha mkono, kiganja au vidole. Tarakimu 2 inayofuata yatangaza kwamba kidole si gumba na kucha haikuguswa. 1 kwamba ni mpasuko usiobakiza kitu ndani. 0 kwamba ni shahada ya kulia. A yasema mgonjwa bado yumo katika matibabu yenyewe. Akirudi kuangaliwa kidonda kinavyopona, A inaipisha D. Kovu likija kumsumbua mwakani, D nayo inaondoka, inaingia S. Wako wafalme waliozikwa kwa maelezo machache kuliko hayo.

Heshima hii ina nasaba. Mwaka 1893 mtakwimu Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha mjini Chicago orodha ya sababu za vifo, na humo ndimo ulimochipuka Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, ambao sasa uko mikononi mwa Shirika la Afya Duniani. (Ndugu yake, Alphonse, ndiye aliyewafundisha polisi wa Paris kuwatambua wahalifu kwa kuwapima vichwa, masikio na vidole. Nyumba ile haikuacha kitu bila kipimo.) Orodha ya Bertillon ilihesabu wafu, na mkwaruzo haumuui mtu kwa kawaida. Ukangoja mlangoni hadi toleo la sita, mwaka 1948, maradhi na majeraha yasiyoua yalipokaribishwa ndani.

Hata hivyo toleo la kumi la Shirika hilo lilikuwa bahili. Kwa kidole kilichokatwa linauliza tu kama kucha imeumia. Kidole kipi, cha mkono upi, halijali. Ni Wamarekani waliokunjua mkono. Waliahirisha zaidi ya mara moja, madaktari wakilalamika kuwa kazi ni nyingi mno, hatimaye tarehe 1 Oktoba 2015 toleo lao lilianza kazi, na misimbo ya magonjwa na majeraha ikapanda kutoka kama 14,000 hadi karibu 70,000.

Utajiri huo uonekane kwenye mchubuko wa kidole tu. Gumba lina ukoo wake, liachwe. Shahada ya kulia ni S60.410, ya kushoto 411, halafu kidole cha kati, cha pete na cha mwisho, kila kimoja kulia na kushoto, mpaka 417. Kisha inafika S60.418, ambayo ndiyo kito cha kitabu kizima: ni ya kidole kinachojulikana ni kipi, ila haijulikani ni cha mkono upi. Mtu ameingia hospitalini na mikono yake yote miwili, ameonwa, ameandikwa, ametoka, na hakuna aliyetazama upande. Hata yeye kitabu hakikumtupa. Lengelenge lina safu yake, kibanzi kilichozama kina yake, kuumwa na mdudu asiye na sumu kadhalika, hata kidole kilichokabwa na uzi au unywele.

Baada ya jeraha huja kisa. Kudonolewa na kuku ni W61.33XA. Bata akimuuma mtu ni W61.61XA, akimgonga ni W61.62XA, bata mzinga na bata bukini wana namba zao, kila ndege kwa cheo chake. Hiyo X haina maana yoyote. Imewekwa ishike nafasi ili A ikae ya saba, kama mjomba anayekalishwa mkekani siku ya posa na hatarajiwi kutia neno. Halafu mahali: jiko la nyumba lina msimbo, jumba la opera lina wake. Halafu shughuli: aliyekuwa akifuma sweta ataandikiwa Y93.D1. Na miongozo ya Marekani yenyewe inakiri kwamba hakuna sharti la kitaifa la kuripoti visa hivi, isipokuwa jimbo au mlipaji fulani aagize. Kwingineko, anayemwandika kuku amemwandika kwa mapenzi.

Fedha zina kitabu kingine, cha Chama cha Madaktari cha Marekani, nacho kinapenda rula. Kushona kidonda chepesi cha mkono kisichozidi sentimita 2.5 ni 12001, kikifika 2.6, ni 12002. Vidonda vya namna moja vya mkono na mguu hujumlishwa urefu wake, vya usoni hesabu yake ni mbali. Kilichofungwa kwa vipande vya plasta pekee hakihesabiwi kuwa kimeshonwa. Daktari anayeandika "kidonda kidogo, kimeshonwa" amejinyima mwenyewe, maana bila urefu karani wa misimbo hana jinsi ya kudai kidonda kirefu. Hapa ndipo ukarani huu wote unapostahili sifa bila kejeli: umewalazimisha watu kupima walichozoea kukadiria.

Utukufu wa mkwaruzo una sharti moja kali. Mtu akionekana amevunjika mfupa mahali palepale, mchubuko wa juu yake hauandikwi tena. Miongozo inasema jeraha la juujuu halipewi msimbo penye jeraha kubwa zaidi. Mkwaruzo ni mkuu ukiwa peke yake.

Tanzania imeujengea baraza jingine, nalo ni fomu ya polisi namba 3, PF3. Sehemu moja hujazwa na polisi, nyingine na daktari, na maneno machache ya haraka juu ya ngozi iliyochubuka huweza kuamua kesi. Sheria inataka mshtakiwa aelezwe haki yake ya kuomba daktari aliyeijaza aitwe ahojiwe, na PF3 nyingi zimeondolewa kwenye ushahidi wakati wa rufaa kwa sababu hilo lilisahauliwa.

Basi msomaji atakayejikata jikoni asione haya kueleza kwa kirefu. Aseme kidole kipi, mkono upi, alichojikatia ni nini na kama kilikuwa na udongo, na mara ya mwisho alichomwa lini sindano ya pepopunda. Hilo la mwisho halina mzaha: kwa aliyekamilisha chanjo, kidonda kidogo kilicho safi hudai sindano nyingine ikiwa imepita miaka 10, na kichafu ikiwa imepita 5.