Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Tehama

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Tehama,
Ofisi Tunayoijua Sote,
Katikati ya Jiji, Nairobi.

Mheshimiwa,

KUH: SHUKRANI KWA KUBORESHEWA KOMPYUTA

Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, sisi makarani wako ulituhamishia Windows 11 kwa ajili ya usalama wa data. Tangu hapo printa ya koridoni haijatoa hata nukta. Kompyuta zinasema printa haipo mtandaoni. Printa yenyewe inasema ipo. Sisi ni nani tuingilie ugomvi wa wakubwa?

Matunda ya usalama huo tumeyaona. Hati za mishahara, barua za onyo na nakala za vitambulisho sasa tunatumiana kwa WhatsApp. Jioni, wanaoishi Kangemi na Uthiru huzichapisha saiba wakielekea nyumbani. Asubuhi siri za ofisi huingia mjini kwa matatu kupitia Waiyaki Way, zimekumbatiwa kifuani. Kijana wa saiba anaujua mshahara wako, Mheshimiwa, na anasema unastahili. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 bila shaka ilimlenga mtu mwingine.

Chanzo cha mkasa si uchawi. Mwaka 2021 liligunduliwa tundu katika programu inayopanga foleni ya kuchapisha kwenye Windows, likabandikwa jina PrintNightmare: mvamizi aliweza kulipitia na kuitawala kompyuta nzima. Microsoft ikaziba. Ilipofika Septemba mwaka huohuo, waliokuwa wakichapisha kupitia kompyuta ya mwenzao wakaanza kupokea kosa 0x0000011b. Toleo la Windows 11 la mwaka 2022 nalo likabadili njia ambayo kompyuta hutumia kuzungumza na ile inayogawa printa. Yetu hugawiwa na kompyuta kuukuu ya sekretari, ambayo hakuna aliyeipasha habari.

Fundi uliyemtuma alisoma kwenye simu yake, akatikisa kichwa, akataka kuandika sifuri mahali fulani ndani ya rejista ya Windows. Sifuri hiyo huzima ulinzi uleule uliotuhamisha. Ni kununua kufuli jipya na kuuacha ufunguo ukining'inia mlangoni.

Hatuthubutu kumfundisha mkubwa kazi. Lakini ikikupendeza, printa ipewe anwani ya IP isiyobadilika, iachane na kompyuta ya sekretari, kisha kila kompyuta iunganishwe nayo moja kwa moja kwa anwani hiyo, kwa draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji. Foleni ikikwama, programu yake izimwe na kuwashwa upya. Hiyo ni kazi ya alasiri moja, haina haja ya zabuni wala semina ya Naivasha. Tunafahamu kwamba hapo ndipo penye kikwazo.

Ukiona heri tungoje zabuni, tunaomba jambo moja tu: kijana wa saiba afunguliwe faili la ajira. Kazi ya masjala tayari anaifanya, na printa yake inachapisha.

Wako mtiifu,
Karani, Ghorofa ya Tatu

Nakala: Saiba ya Kangemi, kwa kuchapishwa na kuhifadhiwa.