Kadi Isiyo ya Harusi

Ukitaka kujua una ndugu wangapi wanaojua kompyuta, tangaza kwamba unatafuta kadi ya michoro ya bei nafuu. Hata wale waliokaa kimya siku printa ilipokwama watajitokeza na ushauri. Mimi nilitangaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kwa kifupi: "Natafuta kadi, bajeti ndogo." Mjomba wa Tanga akajibu papo hapo kuuliza nani anaoa, na kama mchango wa singo na dabo ni uleule wa mwaka jana. Shangazi akatuma hongera. Ikabidi shemeji aingilie kati kueleza kwamba kadi yenyewe huchomekwa ndani ya kompyuta, na tangu dakika ile akajiteua mwenyekiti wa kamati.

Kompyuta yetu ni Dell OptiPlex 9020, ile nyembamba inayolala chini ya monita. Ni mtumba wa ofisi za Ulaya. Ubavuni bado ina kibandiko cha namba ya mali ya ofisi ilikotoka, na mke wangu hataki kibanduliwe, anasema kinaipa mashine heshima. Ndani mna prosesa ya Core i5-4590 ya mwaka 2014, na michoro yote hufanywa na Intel HD 4600 iliyomo humohumo kwenye prosesa. Kwa barua na hesabu za vikoba haina neno. Tatizo ni matumizi mengine mawili. Mpwa wangu hucheza gemu ya mpira: mshambuliaji anapiga shuti, picha inaganda, na ikizinduka kipa keshaanzisha shambulizi upande wa pili. Mke wangu naye huhariri video za kicheni pati na sendofu, zenye maua yanayodondoka juu ya bibi harusi na majina yanayometameta. Maua hayo ndiyo yanayoiua mashine. Anabonyeza kitufe cha kutoa video usiku, tunalala, tunaamka, maua bado yanadondoka.

Mwenyekiti alikuja na jibu mkononi: RX 580, gigabaiti 8. Ni kadi ya AMD ya mwaka 2017, ina nguvu kweli, na bei yake ya mtumba inavutia. Nyingi zilikuwa zikichimba sarafu za mtandaoni, na Ethereum ilipoachana na uchimbaji huo Septemba 2022, wachimbaji wakamwaga mitambo yao sokoni. Ila kadi hiyo hula wati 185. Pawa saplai ya mashine yangu ni ya wati 255, na hizo ni za nyumba nzima: prosesa, diski, feni na kila kitu. Halafu lile tundu la kuchomeka kadi kwenye bodi hutoa wati 75, basi. Kadi inayotaka zaidi huletewa waya wake kutoka pawa saplai, na waya huo kwenye 9020 nyembamba haupo.

"Si tunabadilisha pawa saplai?" akauliza mwenyekiti.

Nikafungua kifuniko nikamwonyesha. Plagi kuu ya bodi hii si ile ya pini 24 inayouzwa kila duka. Dell waliweka ya kwao, ya pini 8, na pawa saplai yenyewe imekatwa kwa umbo la kasha hili.

"Basi tunaunga waya."

Huyu ndiye aliyeunga waya wa jokofu la mama mkwe mwaka juzi. Jokofu lile sasa linahifadhi unga. Nikamwambia mashine itakwenda fundi akiwepo, na yeye awe mshauri tu.

Tukaenda Kariakoo, mashine imefungwa kwenye kanga, mpwa kaikumbatia. Huko kadi za michoro huuzwa kwa giga kama mchele unavyouzwa kwa kilo. "Karibu bosi, unataka giga ngapi?" Hakuna anayeuliza una mashine gani, wala kasha lina upana gani. Wa kwanza alituletea GT 710 ya giga mbili akiisifia ilivyo mpya kwenye boksi. Upya wake hatukuukataa, lakini kadi ile ni dhaifu kiasi kwamba kuitoa Intel HD 4600 ili uiweke hiyo ni kubadilisha dereva wa daladala bila kugusa injini. Wa pili akaleta GT 1030, na hapo mpwa akasogea, kwa sababu GT 1030 hula wati 30 tu na huja katika umbo fupi linaloingia kwenye kasha letu bila ugomvi.

Ila kuna GT 1030 mbili. Ya mwaka 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5, inayopitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikatolewa nyingine yenye DDR4, inayopitisha kama gigabaiti 17, na ikapewa jina lilelile. Theluthi moja ya kasi, jina zima! Tofauti imeandikwa kwa herufi ndogo pembeni ya boksi, mahali ambapo muuzaji alikuwa ameweka kidole gumba. Mpwa akamwomba akisogeze. Ilikuwa DDR4.

"Zote ni 1030, bosi," akasema muuzaji, kwa upole wa mtu anayemhurumia mteja anayesoma maandishi.

Duka la tatu ndilo lililotutoa jasho. Kwenye kioo ilikaa GTX 1050 Ti ya giga nne, bei chini mno, na nyuma yake ina tundu la bluu la VGA. Shemeji akafurahi kuliko sisi wote, maana monita yetu ni ya zamani na inajua VGA peke yake. "Mnaona? Hata monita hambadilishi!" Kumbe tundu hilo ndilo lililoichongea. Chipu ya 1050 Ti ya mwaka 2016 haina kabisa njia ya kutoa picha ya analojia, kwa hiyo kadi ya kweli ya jina hilo haiwezi kuwa na VGA. Zenye tundu hilo kwa kawaida ni kadi kuukuu za enzi ya GTS 450, ya mwaka 2010, zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa jina la watu.

Muuzaji hakutaka maneno. Zaidi ya hapo, kadi ilikuwa ndefu, na kasha letu linapokea zile za kimo cha nusu tu. Akasema hilo si tatizo, akamwita fundi aliyekuwa barazani. Fundi akaja na grainda. Si bisibisi: grainda, ile ya kukatia mageti, waya umeviringishwa shingoni. Akafungua kanga, akaikagua Dell yetu juu na chini, akagusa kibandiko cha heshima, kisha akauliza kwa utulivu: "Nikate wapi?"

Mpwa wangu akaikumbatia mashine tena, akaomba kadi ichomekwe kwanza kwenye kompyuta ya dukani. Alikuwa na programu ya bure ya GPU-Z kwenye fleshi. Tangu 2018 programu hiyo huzitambua kadi za aina hii na kutanguliza neno FAKE mbele ya jina. Ikafunguka, neno likatokea, dukani kimya. Muuzaji akainama karibu na kioo, akasoma, akajinyoosha.

"Hiyo programu ndiyo feki," akasema.

Nyumbani kamati ikakaa upya. Mke wangu, ambaye hakuwa amealikwa kwenye kikao chochote, akauliza swali moja: hiyo kadi itanitolea video haraka? Kati yetu hakuna aliyekuwa ameliuliza. Likafagia meza. GT 1030, hata ile nzuri, haina kifaa cha kukandamiza video. RX 6400 ya mwaka 2022, ambayo mpwa alikuwa ameipenda kwa wati zake 53 na umbo lake jembamba, nayo haina, na hutumia njia 4 tu za mawasiliano, jambo linaloiumiza kwenye bodi ya zamani. RTX 3050 ya giga 6 hula wati 70 na ingefaa sana, lakini bei tuliyotajiwa ilizidi ya kompyuta nzima pamoja na monita. Hata 1050 Ti halisi, Nvidia walisitisha draiva zake mpya za gemu mwaka 2025. Ikabaki GTX 1650 ya kimo cha nusu, ya 2019: wati 75, haihitaji waya wa pembeni, kifaa cha video kimo.

Tuliipata mtumba kwa muuzaji aliyeturuhusu kuijaribu mbele yake mpaka feni zikapata joto. Mjomba wa Tanga alikuwa ameshatuma elfu ishirini, hatukuzirudisha. Tukaongeza na kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, kwa ajili ya ile monita. Sasa kipa anadaka mpira tunaouona ukienda, na maua ya sendofu yanamaliza kudondoka kabla chai haijachemka. Shemeji anaeleza watu kwamba 1650 lilikuwa wazo lake. Mpwa ameanza kusema, "Anko, sasa kinachotuangusha ni rami."

Rami sijanunua. Prosesa ya kizazi cha 4 haimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine hii imebakiwa na miaka ya hisani. Nawe ukienda dukani, kwanza piga picha kibandiko cha pawa saplai, pima kasha kwa rula, na umuulize anayeitumia mashine anaitumia kwa nini. Bei ya kadi ikifika nusu ya bei ya mashine, ulizia mashine nyingine. Na akikujia mtu na grainda, funga kanga, uende duka linalofuata.