Vyumba Vitatu, Ukoo Mzima

Kutafuta nyumba ya familia Jangwani huanza na dalali, na dalali haanzi na nyumba, anaanza na hela ya kuonyeshwa. Ukishaitoa, kila kasoro ina maelezo. Kwenye nyumba ya kwanza ukuta ulikuwa na mstari wa maji, juu kidogo ya kiuno. Mama watoto akauliza kama mafuriko hufika hapo.

"Hapana dada, hizo ni rangi mbili. Ndiyo fasheni ya sasa."

Nyuma ya nyumba lilikuwa Bonde la Msimbazi, lile lile ambalo mafuriko yake ya Desemba 2011 yaliwafanya watu wagawiwe viwanja Mabwepande. Mvua ikichachamaa hata Barabara ya Morogoro hufungwa hapa Jangwani, mwendokasi zikabaki ng'ambo moja na abiria ng'ambo nyingine. Tukamshukuru dalali kwa fasheni, tukaomba nyumba ya juu.

Tukapata ghorofa ya tatu: vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko na kibaraza cha kuanikia nguo. Lifti hakuna. Mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali akala ya mwezi mmoja, tukahamia watu wanne. Kwa hesabu zetu, nafasi ilikuwa ya kumwaga.

Hesabu zile hazikuijua Kariakoo, soko la jirani. Anayekaa Mbweni hutembelewa Idi na Krismasi. Anayekaa mwendo wa miguu kutoka Mtaa wa Kongo hutembelewa kila bei ya vitenge ikishuka. Shangazi alifika kutoka Tanga na kuku mmoja. "Nimekuja kuwasalimu tu, baba." Jioni salamu hizo zililetwa na guta, zikapandishwa ngazi na vijana watatu, zikajaza chumba cha watoto. Binamu wa Mbeya akashuka Stendi ya Magufuli, akapanda mwendokasi, na kesho yake masta ikapata belo la mitumba. Shemeji wa Mwanza hakuwa na mzigo. Alikuwa na jezi nyekundu ya Simba tu, naye amefikia mtaa wenye makao makuu ya Yanga. Wana Msimbazi wenzake wako jirani kabisa, lakini kufika kwao lazima upite mtaani kwetu. Akaazima kanga ya kijani ya shangazi, akajitanda, akaenda kununua mkate.

Masika yalipoingia, majirani wa chini nao wakapandisha friji, magodoro na cherehani. Huwezi kumwambia mtu aliyekanyaga maji kwamba sebule ina wenyewe.

Balaa likawa LUKU. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa humo humo mtu anaponunua umeme. Kila sakafu ya nyumba ya ghorofa ilianza na shilingi 5,000 kwa mwezi, na Julai 2023 ikapanda hadi 7,500. Jengo ni la mwenye nyumba, anayekatwa ni mpangaji. Nasi mita tunachangia na jirani wa mbele, kwa hiyo anayetangulia kununua mwezi ukiandama ndiye anayeumia. Kuanzia tarehe 30 nyumba zote mbili huwa wacha Mungu: chakula cha jioni mapema, taa zimezimwa, kila mmoja akiombea samaki waharibike kwenye friji ya mwenzake ili akanunue umeme.

Mwisho wa mwezi mwenye nyumba akaja. Akahesabu ndala mlangoni, akaanza upya, akakata tamaa.

"Mkataba unasema watu wanne."

"Wanne hao wapo, baba," shangazi akamjibu, amekaa juu ya belo. "Sisi wengine ni wageni. Karibu chai."

Akanywa chai, akala na maandazi. Alipoaga, akasita mlangoni. Kumbe chini alikuwa na kijana na maboksi ya vigae, katoka navyo sokoni, na fundi wake angevifuata Jumamosi. Je, kona moja haiwezi kupatikana?

Nilikuwa nafungua mdomo kusema hakuna taabu, shangazi akaniwahi. Mwanamke aliyezeeka kwenye biashara haachi mzigo ulale bure.

"Kona ipo," akasema. "Ila ya stoo ni elfu saba na mia tano kwa mwezi, na inalipwa kwenye LUKU."